Pumzi Iliyopanda Kpandroma

Jumanne saa sita na nusu mchana Néhémie alivuta maikrofoni karibu, akakohoa pembeni, akaanza kusoma matangazo ya vifo. Redio yenyewe ni ndogo. Ina chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani ili kuzuia kelele za pikipiki, na matangazo ya vifo ndiyo kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote mjini Bunia, kwa sababu hakuna anayetaka kufika kwenye matanga amechelewa. Karatasi zilikuwa nne. Ya kwanza aliisoma vizuri. Ya pili aliisoma mpaka katikati, kidevu kikamwangukia kifuani, akakoroma mara tatu hewani, kisha pumzi ikakatika.

Kikafuata kimya cha sekunde thelathini na nane. Ndani ya kimya hicho, watu waliokuwa na redio zao sokoni, vibandani na majikoni walisikia upepo ukipita kwenye mikalitusi, jogoo mmoja, na mlango unaolia sauti mbili: nyembamba ukifunguliwa, nene ukifungwa. Wengine walifunga vifungo vya mashati, maana redio ilikuwa inatoa baridi. Halafu Néhémie akashtuka, pumzi ikamrudia kwa kishindo, naye akaendelea kusoma pale alipoachia, au jirani na pale.

Balaa lilikuwa katika hilo neno jirani. Aliruka mstari mmoja, na kwa kuruka huko marehemu akawa Zacharie, fundi viatu wa Nyakasanza, ambaye kwa kweli ndiye aliyeleta tangazo la kifo cha mjomba wake. Kufika saa tisa watu walikuwa wamekwisha kubeba viti vya plastiki na sufuria hadi kwa Zacharie, wakamkuta anakula ugali kwa sombe. Aliwakaribisha. Viti vilikuwa vimekwisha kufika, na mjomba naye alikuwa amekufa kweli, basi wakamlilia hapo hapo.

"Papa Néhémie," alisema Marie-Claire, mkurugenzi wa redio, "umeua tena mutu muzima."

"Nilikuwa nasoma, Directrice."

"Ulikuwa unalala. Ni wa tatu tangu Pasaka. Wa ine, sitaweza kukutetea."

Hakusema kwa ukali. Alimpenda mzee huyu kwa ajili ya sauti yake, kwani marehemu akitajwa na Néhémie alionekana amepewa heshima yake, hata kama alikuwa mlevi. Lakini redio haiwezi kuendelea kuzika watu wanaokula.

Néhémie alikimbia vita Kpandroma, kule mlimani, miaka sita iliyopita, usiku mmoja na kijiji kizima, na bado alikuwa hajarudi. Aliacha kule juu nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, shamba la viazi na kabichi, kisima, na mikalitusi ambayo baba yake aliipanda mpakani, mti mmoja kwa kila mtoto. Aliacha pia mlango. Bawaba zake mbili zilinunuliwa kwa mafundi wawili tofauti, ndiyo sababu ulilia sauti mbili, na mtu yeyote wa Kpandroma angeutambua mlango huo hata akiwa amefunikwa macho. Alichokuja nacho Bunia ni mke wake Gracieuse, binti yao Gracia aliyekuwa mdogo bado, na mkoromo.

Gracieuse ndiye aliyegundua kwanza pumzi ile inakwenda wapi. Mwanzoni alikuwa anampiga mumewe kiwiko kila inapokatika. Baadaye aliacha kiwiko akawa anasubiri, na akaona kwamba ikirudi inarudi baridi, inanuka kalitusi na moshi wa kuni za mlimani. Asubuhi moja alikuta maganda ya viazi chini ya mto. Asubuhi nyingine ilikuwa jani la kabichi lenye umande, ndani ya kola ya pijama. Aliliosha akalitia kwenye chungu, kwa sababu chakula hakitupwi.

"Papa Gracia," alimwambia akichambua maharage, "pumzi yako inaenda Kpandroma."

"Najua," Néhémie akasema. "Asubuhi magoti inaniuma. Kule iko mulima."

Habari ikasambaa kwa wenyeji wa Kpandroma waliokuwa mjini, nao hawakuona ajabu. Mtu haendi kwao, lakini moyo unakwenda, basi pumzi nayo kwa nini ikae? Wakaanza kuleta maagizo. Mama mmoja aliomba pumzi iangalie kama mwavokado wake bado umesimama. Mwingine alitaka kujua nani amechukua jiwe lake la kusagia. Pumzi haikuwa ya kutumwa, ila ilileta ilichokutana nacho njiani, na mara moja ilileta unyoya wa kuku ambao mwenye kuku aliutambua kwa madoa akafurahi wiki nzima.

Néhémie alikuwa anafurahi pia, tusimfiche. Aliamka amechoka kama mtu aliyebeba magunia, kichwa kinamuuma, lakini puani ana harufu ya kwao. Wangapi mjini Bunia wanaweza kusema hivyo?

Gharama yake ilikuwa kusahau. Alianza na vitu vidogo vya kila mtu: funguo, siku ya juma, sababu ya kuingia chumbani. Kisha akatumwa sokoni kununua samaki wa Tchomia akarudi na kufuli. Alikuwa anaanza sentensi na nusu ya njia inamtoka, naye anabaki ameshika mkono hewani akingoja imrudie. Mtu akimweleza jambo, aliona midomo inacheza, na maneno yanapita pembeni yake. Kisha ikafika zamu ya jina la binti yake. Kwa majuma mawili alimwita "weye", na Gracia, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na si mjinga, aliitika kila mara. Jambo hilo lilimuuma Gracieuse kuliko kufuli, kuliko marehemu wote watatu waliokuwa wazima.

Akamchukua mumewe kwa mkono mpaka zahanati, kwa daktari Arielle.

Daktari Arielle alimlaza kitandani saa nne asubuhi, akambana kidole kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, akaketi na kalamu. Néhémie hakuhitaji kubembelezwa. Katika saa moja pumzi ilikatika mara thelathini na moja, na daktari aliandika kila safari. Mto ulipolowa umande aliubadilisha, akaandika na hilo pia.

"Ni apnée," alisema Néhémie alipoamka. "Ukilala koo inafungika, hewa haipite. Kichwa inakosa hewa usiku muzima, Papa. Ndiyo maana unasahau, ndiyo maana unalala mu kazi. Roho nayo inachoka. Siku moja inaweza kusimama."

"Roho?"

"Roho, ndiyo. Moyo." Akafungua kabati akatoa mashine ndogo yenye mrija na kinyago cha puani. Aliiacha mgeni mmoja aliyerudi kwao, na zahanati nzima ilikuwa na hiyo moja. "Hii inasukuma hewa, koo inabaki wazi. Utaivaa kila siku ukilala. Kwa courant, utatumia panneau ya jua na batterie. Pumzi haitatoka tena."

"Haitatoka kabisa?"

"Kabisa."

Néhémie aliitazama mashine kwa muda. Alisema atafikiri. Gracieuse, ambaye alikuwa amekwisha kufungua kitenge ili aifunge mashine waondoke nayo, alikifunga tena kitenge chake kiunoni, akatangulia mlangoni.

Ikaja Jumatano. Katika tangazo la kwanza tu Néhémie alisinzia, pumzi ikapanda mlima, na wasikilizaji wote wakasikia mlango ule unalia sauti nyembamba, kisha sauti ya mwanamume.

"Mutoe kwanza viazi ya upande wa kisima," sauti ilisema. "Ile kabichi itangoja."

Kila mtu aliitambua. Ilikuwa sauti ya Augustin, mwenyekiti wa kamati ya watu wa Kpandroma waliokimbilia Bunia. Kila Jumapili baada ya ibada Augustin alisimama uani mwa kanisa akiwaambia wenzake wavumilie, barabara bado si nzuri, yeye anafuatilia faili la kurudi kwao. Wiki hiyo alikuwa ametuma salamu kwamba anaumwa malaria, yuko kitandani. Sokoni wauza nyanya walitazamana, mmoja akasema malaria ya siku hizi inalima, wakaendelea kuuza.

Jumapili alisimama tena uani, amenyoa vizuri, viatu vyake vina udongo mwekundu pembeni. Wala hakukana.

"Nyumba isiyo na mutu inaanguka," alisema. "Niko naing'ang'ania ile nyumba isianguke. Ni kwa ajili yetu wote."

Alilisema vizuri kiasi kwamba watu wawili walipiga makofi.

"Na barabara, Président?" Gracieuse akauliza.

"Barabara haiko muzuri bado, Mama. Kwa watu."

"Na weye?"

"Miye niko Président," Augustin akasema, na hapo hapo akatangaza ratiba ya usafi.

Jioni ile walikaa kula. Desturi ya nyumba ilikuwa Néhémie aanze na sala ya marehemu mama yake. Sala hiyo ilikuwa na kosa. Mama yake alijifunza Baba Yetu mwaka ambao viazi vyote vya Kpandroma viliungua kwa ugonjwa, na kwa kilio cha mwaka ule, palipotakiwa kusema "utusamehe makosa yetu" alisema "utusamehe viazi vyetu". Padri alimrekebisha mara nyingi, akachoka. Watoto wake wakasali hivyo hivyo, na hakuna nyumba nyingine duniani iliyowahi kumwomba Mungu msamaha wa viazi. Néhémie akafumba macho, akafungua kinywa, na hapakuwa na kitu. Alingoja. Ugali ukapoa. Mwishowe Gracieuse akasema amina, wakala.

Kesho yake mchana, katika kimya cha sekunde arobaini na moja, Bunia nzima ilimsikia Augustin akishukuru chakula kule juu. Alisali taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea, na alipofika penyewe akasema: utusamehe viazi vyetu.

Gracieuse alikuwa anapiga pasi. Aliweka pasi ya makaa kando, akamngoja mumewe mlangoni.

"Nimeelewa," akamwambia. "Pumzi yako iko na adabu mingi. Haiingie mu nyumba ya watu mikono mitupu. Kila mara inabeba kitu ya hapa, inaiacha kule mu meza. Na yule mwenye kulala kule anaokota."

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na pumzi ya Néhémie ilikuwa imelelewa vizuri. Funguo, siku za juma, jina la mtoto, sala ya mama, vyote vilikuwa vimepangwa mezani Kpandroma, na Augustin alikuwa anavitumia.

"Vaa mashine," Gracieuse akasema.

"Nikivaa, nitaikosa nyumba."

"Usipovaa, utaikosa pia. Kikao iko baada ya majuma tatu."

Kikao hicho kilikuwa cha wazee watatu waliopewa kazi ya kupatanisha watu kuhusu mashamba. Hati zote za kule juu ziliteketea, na wazee walikataa karatasi mpya, wakisema karatasi yeyote anaweza kuandika. Walichotaka ni kile kilichofanywa kabla ya karatasi: mtoto wa shamba asimame, aseme mpaka kwa mdomo, mti kwa mti, na jina la aliyepandiwa kila mti. Mke hasemi mpaka, kwa sababu mke aliukuta. Jirani hasemi mpaka wa jirani, anasema wa kwake. Augustin alikuwa amepeleka jina lake kwamba naye atasema mpaka wa nyumba ya Néhémie, kama wa kwake. Ndugu wengine wa Néhémie walikuwa wamekufa au wako mbali, basi nyumba ilikuwa ndani ya kichwa cha Néhémie, na kichwa cha Néhémie kilikuwa kinavuja.

Gracieuse aliandika miti yote aliyowahi kuisikia kwenye daftari la Gracia. Ilikuwa saba. Kila asubuhi, kabla ya chai, binti alishika daftari na baba akasema: wa kwanza kwenye kona ya kisima, wa kaka mkubwa, wa pili penye mwamba, wa dada aliyeolewa Niania, na kuendelea. Asubuhi alikuwa nao wote saba. Saa sita na nusu aliketi mbele ya maikrofoni, na akirudi nyumbani walikuwa sita. Walimfundisha upya wa saba, na usiku ukachukua wa tatu na wa tano. Ilikuwa kazi ya kuchota maji kwa kikapu, na wote watatu waliifanya kwa bidii.

"Vaa, Papa," Gracia alimwambia siku moja, daftari likiwa magotini.

"Kesho," akasema.

Alimaanisha. Lakini alfajiri hiyo pumzi ilikuwa imerudi na harufu ya mvua ya kwanza juu ya majivu ya shamba, na ni nani atakayefunga mlango wa namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe? Kila siku alisema kesho. Alikuwa na tamaa ya kwao, basi, wala hakuna jina lingine la kuipa.

Kikao kilifanyika ukumbini mwa parokia, watu wa Kpandroma wakiwa wamejaa kwenye mabenchi. Wazee walimwita Néhémie kwanza. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema: "Wa kwanza uko kwenye kona ya kisima." Kisha akakwama, mkono hewani. Watu walingoja kwa heshima. Nzi alipita. Gracia, benchi la nyuma, alikuwa anasogeza midomo, lakini baba hakutazama nyuma. Akaketi.

Augustin aliitwa wa pili. Alisema kisima, akasema mwamba, akasema dada wa Niania. Alitaja miti yote saba bila kukosea, na kwa kila mti akaeleza hali ya hewa ya siku ulipopandwa. Halafu akaongeza wa nane. Ulikuwa nyuma ya jiko, alisema, mfupi, uliopinda, wa mtoto aliyezaliwa hana pumzi. Mama aliupanda kwa mkono wake alfajiri, na hakumwambia mtu isipokuwa mwana wake wa mwisho, mama alipokuwa mgonjwa wa kufa.

Gracieuse hakuwahi kusikia habari za mti wa nane. Alimtazama mumewe. Néhémie alikuwa mwana wa mwisho, na alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Ilikuwa habari nzuri mno, na aliisikia kwa mara ya kwanza.

"Papa Néhémie," mzee wa katikati aliuliza, "uko na neno ya kuongeza?"

"Hapana," Néhémie akasema kwa ukweli wake wote. "Ni vile vile kabisa."

Ukumbini kila mtu alijua nyumba ni ya nani. Walikuwa wamekula humo, waliujua mlango. Lakini kujua ni jambo moja na kusema mpaka ni jambo lingine, na utaratibu ni utaratibu. Wazee waliandika jina la Augustin. Watu walitoka taratibu, wakamsalimia Néhémie kwa mikono miwili kama kwenye matanga, wakamsalimia Augustin pia.

Wiki hiyo hiyo Gracieuse alikwenda na kitenge kuchukua mashine. Waliweka panneau juu ya bati, betri chini ya kitanda, na Néhémie akavaa kinyago bila ubishi. Pumzi iliinuka mara moja, ikagonga hewa inayosukumwa, ikarudi ndani. Ilijaribu siku tatu. Siku ya nne ikatulia.

Daktari Arielle alisema kweli, hilo lazima tukiri. Ndani ya mwezi kichwa kiliacha kumuuma. Akitumwa samaki alileta samaki. Mchana alikaa macho mbele ya maikrofoni, akasoma kila mstari, na hakuua mtu tena. Kilichokuwa kimekwisha kubebwa hakikurudi, kwa sababu zawadi hairudishwi, lakini kipya kilikaa. Jina la Gracia alilisoma kwenye jalada la daftari, akauliza ni la nani, na tangu siku hiyo halikumpotea. Alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama wa mwavokado alikuja kulalamika kwamba redio siku hizi haina habari za Kpandroma, Marie-Claire akampa kiti na maji.

Kisha Jumanne moja Augustin mwenyewe alileta tangazo redioni. Hakukuwa na kifo. Alikuwa anawaalika watu wote, barabara itakapokuwa nzuri, kwenye ibada ya kubariki nyumba yake ya Kpandroma, na chini aliandika sala ambayo marehemu mama yake alimfundisha.

Néhémie alivuta maikrofoni karibu, akakohoa pembeni, akasoma. Alisoma kisima na mikalitusi minane. Alisoma mlango wenye sauti mbili. Alipofika kwenye sala alipunguza mwendo, kama anavyofanya penye majina ya wafu, akasema kwa ile sauti yake ya heshima: utusamehe viazi vyetu. Fundi wa mitambo alitazama chini. Hapakuwa na kimya hata cha sekunde moja.

"Leo haukukosa hata neno moya," Marie-Claire akamwambia, na akageuka kutafuta kitu mezani.

"Ile sala ni muzuri," Néhémie akasema. "Naweza kuikopia? Siye kwetu hatuna."

Aliinakili kwa herufi kubwa, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Jioni, chakula kilipotengwa, aliitoa akaisoma mbele ya mkewe na binti yake, akiomba radhi kwamba ni ya watu, lakini imempendeza. Gracia akafungua kinywa. Mama yake akamwekea mkono gotini.

"Amina," Gracieuse akasema.

Akafunua sufuria akawagawia. Vilikuwa viazi vya Kpandroma, vikubwa, na mwaka huo vilishuka vingi sokoni, malori kwa malori. Kwa viazi, barabara ilikuwa nzuri.